Allidina Visram: Duka Lilikufa, Skuli Imebaki

Anayepita Treasury Square pale Mombasa huiona sanamu ya mfanyabiashara wa Kihindi. Huyo ni Allidina Visram, na maisha yake yanatuhusu sana sisi tuliotawanyika kutafuta riziki.

Alizaliwa Kutch, magharibi ya India, mwaka 1851. Kutch ni nchi kavu, mvua yake ya kubahatisha, na njaa si kitu kigeni huko. Basi vijana wa Kikhoja walikuwa wakipanda majahazi msimu wa kaskazi wakija Unguja na mrima. Allidina naye alivuka bahari angali mtoto, umri wake kama miaka 12, wala hakuwa na mali ya kutajika.

Bagamoyo alifanya kazi kwa Sewa Haji Paroo, Khoja mwenzake, tajiri mkubwa aliyekuwa akizipa misafara bidhaa na wapagazi. Kwake alijifunza hesabu, bei ya pembe na ngozi, na jambo moja zaidi: kwamba mali ina haki ya watu ndani yake. Sewa Haji ndiye aliyetoa jengo la skuli Bagamoyo ili watoto wa makabila yote wasome pamoja, na fedha zake ndizo zilizojenga hospitali ya Dar es Salaam iliyoitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 1897.

Baada ya hapo Allidina akapanua biashara yake mwenyewe. Akafungua maduka katika njia ya misafara, Tabora na Ujiji, kisha akaelekea Uganda. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, yeye alifuatana nayo. Vibarua kama 32,000 waliletwa kutoka India, na wote walitaka mchele, unga na nguo. Kila kituo kilipofunguliwa, duka lake halikuwa mbali. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mlango wa Ziwa Victoria ulikuwa wazi, naye akawa na majahazi yake ziwani. Maduka yake yakapita 30.

Sasa ilikuwaje mtu mmoja aendeshe maduka mbali hivyo, bila simu, bila benki ya karibu? Jibu ni dini na jamaa. Aliwaita vijana wa Kiismailia kutoka India, akawapa kazi ya ukarani, na wengi wao baadaye walifungua maduka yao wenyewe. Bidhaa zilitolewa kwa mkopo na dhamana ilikuwa ni uaminifu. Mtu aliyedhulumu huku angekutana vipi na wenzake jamatkhana jioni? Aibu ilifanya kazi kuliko hakimu. Tena walizoea kutoa fungu la pato lao kwa ajili ya dini, kwa hivyo kutoa hakukuwa kugeni kwao. Allidina mwenyewe alipewa na Aga Khan cheo cha heshima cha Varas.

Tusimpambe kupita kiasi, lakini. Biashara ya pembe iliyomwinua ilimaliza ndovu, na wapagazi ndio waliobeba mzigo wa utajiri ule mabegani mwao. Faida yake kwa wenyeji ilionekana zaidi aliponunua mazao: ngozi, ufuta, na hasa pamba ya wakulima wa Uganda. Alijenga vinu vya kuchambulia pamba, na mkulima akapata pa kuuza kila msimu. Pembe ikitolewa imekwisha. Pamba hupandwa tena. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Alifariki mwaka 1916. Mwanawe Abdulrasul akaendeleza kazi, akajenga Mombasa skuli ya sekondari kwa kumbukumbu ya baba yake. Abdulrasul naye akafariki mwaka 1923, na haikupita miaka mingi biashara yote ikasambaratika. Maduka yale ya Tabora na Ujiji hayapo. Lakini Allidina Visram High School ipo mpaka leo. Mwanzo ilikuwa ya watoto wa Kihindi. Baadaye ikafunguliwa kwa wote, na sasa mtoto wa Mkamba, Mmijikenda na Mwarabu wanakaa dawati moja.

Nyinyi mlioko Maskati, Dubai na Doha mnatuma fedha nyumbani kila mwezi, Mungu awazidishie. Nyingi huishia kwenye harusi na ukuta wa nyumba isiyokaliwa. Harusi ni heri, na nyumba ni stara. Lakini kisima, darasa au mashine ya kukamulia nazi kijijini ni kitu ambacho jirani naye atakila. Sisi tunaijua sadaka jariya tangu chuoni. Khoja yule wa Kutch alipita njia ya madhehebu yake, na kilichobaki na jina lake hakikuwa duka hata moja.