Dkt. Omar Ali Juma: Kiti cha Mpemba kilirudi Pemba

Nilikuwa kijana hapa Mombasa redio ilipotangaza kifo cha Makamu wa Rais wa Tanzania, Dkt. Omar Ali Juma. Ilikuwa Julai 4, 2001. Habari ile ilitugusa nyumbani. Marehemu alikuwa Mpemba, na miezi michache nyuma wakimbizi wa Pemba walivuka bahari wakashukia Shimoni, baada ya mauaji ya Januari.

Alizaliwa mwaka 1941 Wawi, Chake Chake, akasomea udaktari wa mifugo. Januari 1988 alifanywa Waziri Kiongozi wa Zanzibar, mahali pa Mpemba mwenzake, Maalim Seif Sharif Hamad, aliyeondolewa. Si kazi nyepesi kukalia kiti alichotolewa ndugu yako, nawe umetoka kisiwa kimoja naye.

Mwaka 1995 akawa mgombea mwenza wa Benjamin Mkapa. Walishinda, naye akawa Makamu wa Rais wa kwanza kupatikana kwa utaratibu huo. Wakarudi tena 2000.

Alipofariki, katiba yao ilikuwa na jibu. Rais ateue mwengine ndani ya siku 14, na Bunge limthibitishe. Kwa kuwa Rais ni wa Bara, makamu sharti atoke Zanzibar. Lakini katiba haikusema Pemba. Hilo lilikuwa la Mkapa mwenyewe kuliona, naye akamchukua Dkt. Ali Mohamed Shein, Mpemba. Julai 13 aliapishwa, siku tisa baada ya msiba.

Sisi Kenya, alipofariki Makamu wa Rais Michael Kijana Wamalwa Agosti 23, 2003, kiti kilikaa wazi mwezi mzima na siku juu yake, hadi Septemba 25 alipoteuliwa Moody Awori. Katiba ya wakati ule haikumpa Rais muda maalumu. Hii ya 2010 inampa siku 14 kumteua Naibu mwengine.

Uteuzi wa Shein haukufuta machozi ya Shimoni. Muafaka wa CCM na CUF ulitiwa saini Oktoba. Lakini jiulizeni, ndugu zangu, kiti kile kingeondoka Pemba wakati kidonda kingali kibichi, watu wangesemaje?

Nasi Wapwani, tunaoanza kunong'onezana majina ya warithi kabla maiti hajatoka msikitini, hapa tuna la kujifunza. Sheria huweka muda. Kumkumbuka aliyefiwa ni kazi ya moyo.

Allah amrehemu Dkt. Omar. Amin.