SHEIKH AL-AMIN BIN ALI MAZRUI: KADHI ALIYEUAMSHA UMMA KWA KALAMU

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni Zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Amma baad. Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, wengi wetu tunayajua majina ya waliopigana na wakoloni kwa bunduki. Ni wachache tunaowajua waliopambana nao kwa wino. Mwaka huu tumeonelea tuwaletee habari za mmoja wao, mwanachuoni mkubwa wa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu. Maisha yake yamefungamana na historia ya nchi ya Kenya, na mwenye kuyasoma atafahamu mengi kuhusu sisi wenyewe.

KUZALIWA KWAKE NA HALI YA WAKATI ULE

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, alikuwa miongoni mwa wanavyuoni waliosifika pwani nzima. Ukoo wao ndio uliotawala Mombasa kutoka katika Ngome ya Yesu, ile ngome iliyojengwa na Wareno, mpaka Seyyid Said alipowaondoa mwaka 1837.

Baba yake alifariki mwaka 1894, naye akawa yatima akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Enyi wanafunzi mliofiwa na wazazi, zingatieni hapa. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa yatima, na uyatima haukumzuia Sheikh Al-Amin kuifikia daraja aliyoifikia.

Mwaka 1895, kabla hajatimiza miaka mitano, mambo mawili makubwa yalitokea. La kwanza, Waingereza walitangaza himaya yao juu ya nchi hii. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulibaki kuwa wa Sultani wa Zanzibar kwa jina, lakini amri ilikuwa ya Mwingereza. La pili, Mbaruk bin Rashid wa Gazi, ambaye ni wa ukoo huo huo wa Mazrui, aliinuka na silaha. Vita vilimalizika mwaka 1896, Mbaruk akakimbilia upande wa Wajerumani, na akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Ile ngome ambayo wazee wake waliitawalia Mombasa ikafanywa jela, ikabaki hivyo mpaka mwaka 1958.

Basi mtoto huyu alikua akiliona jengo la utawala wa babu zake likiwa limejaa wafungwa. Mwaka 1896 reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa, na mwaka 1901 ikafika Ziwa Victoria. Mwaka 1905 makao ya serikali yalihamishwa kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Mji uliokuwa kichwa ukawa mlango wa kupitia tu.

KUTAFUTA ELIMU

Baada ya kusoma Mombasa, Sheikh Al-Amin alikwenda Unguja kuchukua elimu kwa wanavyuoni wakubwa wa zama zile, Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir. Wote wawili walifariki mwaka 1925.

Hakutosheka na vitabu vya kale peke yake. Alisoma pia maandishi yaliyotoka Misri, ya Sheikh Muhammad Abduh na Sayyid Rashid Rida, waliokuwa wakiwataka Waislamu wairudie dini yao katika asili yake na wakati huo huo wasiiogope elimu ya dunia. Mawazo haya yalimkaa moyoni, kwani aliuona ugonjwa huo huo katika mji wake.

SAHIFA NA AL-ISLAH

Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo liitwalo Sahifa, yaani ukurasa. Liliandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu walizozizoea watu wa pwani. Wakati huo lugha yetu nayo ilikuwa katika njia panda. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikuwa umechagua Kiunguja kiwe ndicho Kiswahili sanifu, na katika skuli zilitumika herufi za Kirumi. Sheikh aliwaandikia watu wake kwa lugha waliyoisema majumbani mwao, ili asipatikane mtu wa kusema kuwa hakufahamu.

Aliandika nini? Hapa ndipo tunapotaka mtulie. Ingekuwa rahisi kwake kuwalaumu Waingereza kila siku, na watu wangempigia makofi. Yeye aliwaelekezea wasomaji wake kioo wajitazame. Aliwakemea waliotapanya mali katika karamu za harusi na matanga kisha wakabaki na madeni. Aliwakemea waliomuiga Mzungu katika mavazi na ulevi, lakini wasimuige katika bidii ya kazi, kutunza wakati na kutafuta elimu. Aliwahimiza watu wawasomeshe watoto wao, na watoto wa kike wasiachwe nyuma. Wakati ule maneno kama haya hayakuwapendeza wengi.

Makala ya Sahifa yalikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Mwaka 1932 alitoa gazeti jingine, Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Jina lake lina maana ya kutengeneza kilichoharibika. Halikudumu muda mrefu, lakini mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa.

UKADHI

Mwaka huo huo wa 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akishika nafasi ya yule yule Sheikh Suleiman aliyemlea. Alibaki katika kazi hiyo mpaka alipofariki.

Huenda mwanafunzi akauliza: vipi mtu aliyewaonya watu wasimfuate mkoloni kwa upofu akakubali cheo chini ya serikali yake? Suali hili ni la haki. Sisi tunavyoona, mahakama ya kadhi haikuwa zawadi ya Mwingereza. Ilikuwapo pwani kabla yake, na alipochukua himaya alikubali kuiacha. Humo ndimo ndoa, talaka na mirathi za Waislamu zilimohukumiwa kwa sharia. Lau wenye elimu wangeikimbia, ingeshikwa na nani? Pengine kalamu yake ilipoteza uhuru kidogo, nasi hatufichi hilo. Lakini haki za wajane na mayatima zilipata mlinzi aliyejua mwenyewe uyatima ni nini.

VITABU VYAKE NA KUFARIKI KWAKE

Sheikh aliwaandikia watoto vitabu vya kuwafunza dini kwa lugha nyepesi. Mwaka 1923 padri Godfrey Dale wa Unguja alikuwa ametoa tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili. Haikuelekea kwamba Waislamu wakisome Kitabu chao kwa tafsiri ya padri. Sheikh Al-Amin alianza kuifasiri Qur'ani, lakini ajali ilimfikia mwaka 1947 kabla hajaimaliza. Sehemu ya kazi hiyo ilichapishwa miaka mingi baada ya kufa kwake. Tafsiri kamili ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy ilitoka mwaka 1969.

Hakuiona siku ya uhuru, tarehe 12 Desemba 1963. Lakini mwaka huo huo, pwani ilipounganishwa na Kenya kwa mapatano na Zanzibar, mahakama za makadhi zilihifadhiwa, na mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, akawa Kadhi Mkuu. Katiba ya mwaka 2010 nayo ilizihifadhi. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alisomesha katika vyuo vikuu vya Afrika na Marekani, na alipofariki mwaka 2014 alirudishwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya ukoo wao karibu na ile ngome.

MAFUNZO

Ndugu zetu wanafunzi, Sheikh huyu alizaliwa katika watu waliopokonywa utawala. Hakukaa kuyalilia yaliyopita. Alijiuliza ni udhaifu gani uliotufikisha hapa, kisha akautibu kwa kusoma, kusomesha na kuandika. Neno la kwanza kumshukia Mtume wetu (S.A.W.) lilikuwa amri ya kusoma, na yeye aliitii.

Nanyi wazazi, kabla ya kukopa kwa ajili ya karamu, tazameni kwanza kama ada ya mtoto imelipwa. Ndilo aliloliandika Sheikh tangu mwaka 1930, na bado halijachakaa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aipanue kaburi yake na aijaalie elimu yake iwe sadaka yenye kuendelea. Atujaalie na sisi tuwe miongoni mwa wenye kusikia maneno na kuyafuata yaliyo mema. Amin.