Carl Ritter, Mwalimu wa Jiografia

Katika historia ya elimu wako walimu ambao kazi yao iliendelea kuzaa matunda muda mrefu baada ya wao kufariki. Mmoja wao ni Carl Ritter, Mjerumani aliyelipa somo la jiografia heshima yake vyuoni. Tunayakumbusha maisha yake kwa kuwa yana funzo kwa visiwa vyetu.

Ritter alizaliwa mwaka 1779 mjini Quedlinburg. Baba yake, aliyekuwa tabibu, alifariki Carl akiwa mtoto mdogo, akaiacha familia katika dhiki. Kwa bahati njema, mwalimu Salzmann alikuwa akianzisha shule huko Schnepfenthal, naye akampokea yatima huyo bila kusita. Huko watoto hawakukalishwa kutwa wakikariri majina ya miji. Walitolewa nje, wakapanda vilima na kufuata vijito, wakaijua kwanza ardhi waliyoikanyaga.

Baadaye Bethmann-Hollweg, tajiri wa Frankfurt, alimgharimia masomo katika Chuo Kikuu cha Halle ili aje awasomeshe wanawe. Ritter aliianza kazi hiyo mwaka 1798, akaifanya kwa moyo wake wote. Mwaka 1807 alimzuru Pestalozzi, mwalimu mashuhuri wa Uswisi, akazidi kuamini kwamba mtoto huanzia kwenye analolijua ndipo afikie asilolijua.

Mwaka 1817 alichapisha juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa, Erdkunde, iliyohusu Afrika. Mwenyewe hakuwahi kufika barani kwetu. Alitegemea habari za wasafiri, na mengi hayakumfikia. Mwaka 1820 aliitwa kufundisha Chuo Kikuu cha Berlin, akakaa huko hadi alipofariki mwaka 1859. Kitabu chake, licha ya juzuu 19, kilikuwa hakijavuka Afrika na Asia. Lakini darasani mwake alipita Heinrich Barth, ambaye kati ya mwaka 1850 na 1855 alisafiri Afrika hadi Timbuktu. Pale ambapo mwalimu hakuweza kufika, mwanafunzi wake alifika.

Sisi tunaona kwamba funzo liko wazi. Mtoto wa Unguja au Pemba anayetaja milima ya Ulaya kwa ghibu, lakini hawezi kueleza bamvua husababishwa na nini, wala kwa nini mkarafuu haustawi kwenye ardhi ya uwanda, hajasomeshwa jiografia, amekaririshwa tu. Ufukwe, msitu na shamba ni vitabu vilivyo wazi, wala havilipiwi.

Kwa hiyo tunawaomba wenye dhamana ya elimu wampe mwalimu wa jiografia muda na nyenzo za kuwatoa wanafunzi nje ya darasa. Na yule mtoto maskini mwenye kiu ya elimu asiachwe mlangoni. Lau Ritter angeachwa, hasara isingekuwa yake peke yake.