Dakta Grzimek na Sokwe wa Rubondo

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba kila mnyama ana makazi yanayomfaa, yaani mahali anapopata chakula, maji, hewa na mahali pa kujificha. Katika somo hili tutasoma habari za mtu aliyejiuliza swali gumu: Je, mnyama aliyelelewa katika kizimba anaweza kurudi msituni na kuishi? Jibu la swali hilo lilipatikana hapa nchini petu, katika kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria.

Bernhard Grzimek alizaliwa tarehe 24 Aprili, 1909, katika mji wa Neisse, ambao wakati huo ulikuwa katika nchi ya Ujerumani. Siku hizi mji huo uko katika nchi ya Poland na huitwa Nysa. Baba yake alifariki Bernhard akiwa bado mtoto mdogo. Alipokuwa kijana alisomea utabibu wa wanyama, akapata shahada ya udaktari mwaka 1933.

Mwaka 1945, vita kuu ya pili ilipokwisha, alikabidhiwa bustani ya wanyama ya mji wa Frankfurt. Bustani hiyo ilikuwa imeharibiwa vibaya kwa mabomu, na wanyama wengi walikuwa wamekufa. Dakta Grzimek aliijenga upya, akaiongoza hadi mwaka 1974. Kuanzia mwaka 1956 alionekana pia katika televisheni ya Ujerumani, mara nyingi akiwa na mnyama hai mezani pake. Watazamaji walichanga fedha, na fedha hizo zikatumika kuwahifadhi wanyama katika nchi mbalimbali, ikiwamo nchi yetu.

Mwishoni mwa mwaka 1957 Dakta Grzimek na mwanawe Michael waliruka kutoka Ujerumani hadi Serengeti kwa eropleni ndogo. Eropleni hiyo ilipakwa rangi nyeusi na nyeupe kama mistari ya punda milia. Kazi yao ilikuwa kuwahesabu wanyama kutoka angani na kuchunguza njia wanazopita nyumbu wanapohama. Kabla ya hapo hakuna aliyejua kwa hakika makundi hayo yanakwenda wapi kila mwaka. Tarehe 10 Januari, 1959, Michael alikuwa akirusha eropleni hiyo peke yake, ikagongana na tumbusi na kuanguka. Michael alikufa akiwa na umri wa miaka 24, akazikwa juu ya ukingo wa Kreta ya Ngorongoro. Baba yake aliendelea na kazi waliyoianza pamoja.

Sasa tutazame kisiwa chenyewe. Kisiwa cha Rubondo kiko kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, katika Mkoa wa Geita. Ukubwa wake ni kiasi cha kilomita za mraba 237, na sehemu yake kubwa ni msitu mnene. Visiwa vidogo kadhaa vimekizunguka. Wanyama wa asili wa kisiwa hicho ni kama vile nzohe, pongo, kiboko, mamba, tumbili, fisi maji na kenge. Simba na chui hawapo. Zamani waliishi humo pia wavuvi na wakulima wa kabila la Wazinza. Katika miaka ya 1960 kisiwa kilifanywa pori la akiba, na Serikali ikawahamishia watu hao katika visiwa vya jirani na nchi kavu. Kwa hiyo msitu wa Rubondo ulihifadhiwa kwa gharama: kuna watu walioacha mashamba na makaburi ya wazee wao.

Dakta Grzimek alikiona kisiwa hicho kuwa mahali pazuri pa kuwaficha wanyama waliokuwa hatarini. Maji ya ziwa yangekuwa kama ua mkubwa. Sokwe mtu hajui kuogelea, kwa hiyo asingeweza kutoroka. Na mwindaji angelazimika kuja kwa mtumbwi, akaonekana.

Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe mtu 17 waliletwa Rubondo kwa makundi manne. Madume yalikuwa 8 na majike 9. Wengi wao walikamatwa Afrika wakiwa wachanga, kisha wakakaa Ulaya katika bustani za wanyama na sarakasi. Baadhi yao walikuwa wameishi katika vizimba kwa miaka mingi. Walipovushwa ziwa na kufika kisiwani, masanduku yao yalifunguliwa, nao wakaingia msituni. Hawakufundishwa kwanza namna ya kutafuta chakula wala namna ya kulala juu ya miti.

Watu wengi wangedhani kwamba sokwe hao wangekufa kwa njaa. Haikuwa hivyo. Baada ya muda wa mwaka mmoja hivi walionekana wakila matunda na majani ya msituni, na wakijenga viota vya matawi vya kulalia. Mwaka 1968 watoto walikuwa wamekwisha kuzaliwa. Inawezekana kwamba baadhi ya sokwe walikumbuka mambo waliyoyaona utotoni, na wengine walijifunza kwa kujaribu na kwa kutazamana. Polepole waliwaogopa watu, kama sokwe wa mwituni wafanyavyo. Hadi leo wajukuu wao wanaishi Rubondo, na idadi yao imezidi wale 17 wa kwanza.

Hata hivyo, si kila jambo lilifanikiwa. Madume wawili waliokuwa wamezoea kukaa na watu waliwashambulia watu kisiwani, ikabidi wapigwe risasi. Faru weusi walioletwa kisiwani waliangamizwa na majangili. Korongo nao walitoweka. Lakini twiga, tembo na mbega walioletwa waliendelea kuishi. Hapa tunajifunza kwamba maji peke yake si ulinzi wa kutosha. Mnyama huhitaji makazi yanayomfaa, na huhitaji pia watu wanaomlinda.

Kwa nini wanasayansi hupenda kuchunguza visiwa? Kwa sababu kisiwa kina mipaka iliyo wazi, na ni rahisi kujua ni mnyama gani ameingia na ni yupi ametoweka. Mfano maarufu ni visiwa vya Galápagos katika Bahari ya Pasifiki, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka pwani ya Amerika ya Kusini. Visiwa hivyo viliumbwa na volkeno zilizochomoza kutoka chini ya bahari. Mwingereza Charles Darwin alivizuru mwaka 1835. Wanyama wa huko walifika wenyewe, kwa kuruka au kwa kuchukuliwa na maji, wakabadilika kwa muda mrefu sana. Siku hizi wageni huvizunguka kwa meli ndogo ili kuwatazama. Baadhi ya wanyama wa Rubondo waliletwa na binadamu. Lakini nacho huzungukwa kwa mashua. Mgeni anayevuka kutoka Nkome au Kasenda huweza kuona viboko na mamba kando ya maji, na tai wala samaki juu ya miti. Nzohe hujificha katika mafunjo. Kwato zake ndefu humsaidia kutembea katika matope bila kuzama.

Mwaka 1977 Rubondo ilifanywa Hifadhi ya Taifa. Msitu wake huwapa samaki mahali salama pa kuzaliana, na samaki hao hawajui mpaka wa hifadhi: huogelea hata kwenye maji ambamo wavuvi wetu hutega nyavu zao.

Dakta Grzimek alifariki tarehe 13 Machi, 1987, mjini Frankfurt. Majivu yake yaliletwa Tanzania, yakazikwa Ngorongoro kando ya kaburi la mwanawe.

Maswali

1. Kwa nini Kisiwa cha Rubondo kilichaguliwa kuwa makazi ya sokwe mtu?
2. Taja mambo mawili ambayo sokwe hao walijifunza baada ya kuachiwa.
3. Eleza kwa nini faru hawakusalimika ingawa kisiwa kimezungukwa na maji.
4. Wanyama wa Galápagos na wa Rubondo walifikaje visiwani? Onyesha tofauti.
5. Uliza wazee wa kijijini kwenu: ni mnyama gani alikuwapo zamani na sasa haonekani? Andika sababu walizokueleza, kisha zijadilini darasani.