Kristen Nygaard: Mzee wa Norway aliyeipa kompyuta 'vitu'

Fungua PowerShell, lile dirisha la kuandikia amri kwenye kompyuta ya Windows. Andika Get-Date | Get-Member, kisha bonyeza Enter. Umeona hiyo orodha? Kumbe tarehe ya leo si maandishi tu. Ni kitu chenye sifa, kama Year na Hour, na chenye vitendo, kama AddDays, inayosongesha siku mbele. Mimi niliacha chuo kabla ya kuyaelewa haya. Nilijifunzia papo hapo, amri baada ya amri.

Lakini wazo hili lina wenyewe. Mmoja wao ni Kristen Nygaard, aliyezaliwa Oslo, Norway, mwaka wa 1926. Alianza kazi 1948 katika taasisi ya utafiti wa kijeshi, akipiga hesabu za kuiga mambo yanavyotokea. Akagundua kwamba namba tupu hazitoshi kueleza foleni au kiwanda.

Mwaka wa 1960 alihamia Norwegian Computing Center. Huko, yeye na mwenzake Ole-Johan Dahl wakaunda lugha ya Simula, iliyokomaa na kuitwa Simula 67.

Fikiria matatu. Rangi, nauli na viti ni sifa zake. Kusimama, kubeba na kuondoka ni vitendo vyake. Simula iliviweka pamoja: unaeleza matatu mara moja, kisha unaunda nyingi utakavyo. Smalltalk na C++ zilichota kisima hicho, na hata PowerShell unayotumia leo ni mjukuu wake.

Sasa sikiza, hapa ndipo jamaa alinibamba. Miaka ya 1970 hakukaa ofisini kungoja sifa. Alienda kwa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, akawasaidia kuelewa kompyuta ili mabosi wasiwaletee mashine wasizojua maswali ya kuuliza. Baadaye aliongoza kampeni ya kukataa Norway kuingia Umoja wa Ulaya, na katika kura ya 1994 upande wake ukashinda.

Nygaard na Dahl walipewa Tuzo ya Turing ya 2001. Dahl alifariki Juni 2002, naye Nygaard akamfuata Agosti mwaka huo huo.

Kwa hivyo ukiletewa mfumo mpya kazini, usiuogope. Uulize kama Get-Member: una sifa gani, unafanya nini? Halafu uliza la Nygaard: unamfanyia nani?