William Thomson, bingwa aliyeumbua shaba mbovu

Vipande viwili vya shaba huweza kulingana kwa rangi na uzito, kumbe kimoja chapitisha umeme vizuri na kingine chauzuia. Wauza nyaya wa mpakani wanalijua hilo kwa hasara. Aliyelithibitisha kwa vipimo, mwaka 1857, ni William Thomson, ambaye baadaye alipewa jina la Lord Kelvin.

Alizaliwa Belfast, Ireland, Juni 26, 1824. Baba yake, mwalimu wa hesabu, alipopata kazi Chuo Kikuu cha Glasgow, kijana alianza masomo hapo akiwa na miaka 10 tu. Akiwa na miaka 22 tayari ni profesa.

Wakati huo kampuni moja ilikuwa imechangisha pauni 350,000 ili kulaza kebo ya simu za maandishi chini ya bahari ya Atlantiki. Thomson, mmoja wa wakurugenzi, alipima shaba yake akakuta ukinzani unatofautiana mno. Fundi mkuu wa umeme, Wildman Whitehouse, ambaye kwa taaluma alikuwa daktari, alizipinga hesabu zake. Agosti 1858 salamu za Malkia Victoria kwa Rais Buchanan, maneno 98, zilichukua saa 16 hivi kupita. Whitehouse alikuwa akiisukuma kebo hiyo yenye kasoro kwa volti zipatazo 2,000. Ikafa baada ya wiki chache, na fedha za watu zikazama nayo. Whitehouse akaachishwa kazi.

Kebo ya 1866 ilipimwa hatua kwa hatua, ikafaulu, na Thomson akatunukiwa cheo cha Sir.

Lakini kazi yake iliyo karibu zaidi na mafundi ni daraja la Kelvin, la miaka ya 1860. Ukipima ukinzani mdogo, hata pale waya wa kipimo unapogusa pana ukinzani wake, nao huharibu jibu. Yeye alitumia miguso minne: miwili ya kupitisha umeme, miwili ya kupimia.

Kwa njia hiyohiyo ya miguso minne viwanda hupima lile tabaka jeusi la kinga linalozunguka plastiki ndani ya kebo za umeme mkubwa. Hupakwa pete nne za rangi ya fedha, mbili za kati zikiachana milimita 50, kisha kebo hupashwa joto. Tabaka la nje halitakiwi kuzidi omu-mita 500. Likizidi, umeme hautandi sawasawa, na cheche huanza kuila plastiki polepole.

Thomson alifariki Desemba 17, 1907, akazikwa Westminster Abbey, London, karibu na Isaac Newton.