Ip Man: Gwiji wa kung fu aliyeacha somo la kwanza kama wosia

MWAKA wa 1972, muda mfupi kabla ya kifo chake, mzee Ip Man alisimama mbele ya kamera jijini Hong Kong. Saratani ya koo ilikuwa imemdhoofisha na mwili wake umekonda. Hata hivyo, alikunja magoti kidogo, akaelekeza vidole vya miguu ndani, kisha akaanza Siu Nim Tao.

Huu ndio mfuatano wa miondoko ambao kila mwanagenzi wa Wing Chun hufunzwa kabla ya mwingine wowote. Jina lake lina maana ya wazo dogo. Hufanywa na mtu mmoja, bila mpinzani, bila silaha na bila kupiga hata hatua moja. Sehemu ya kwanza huenda polepole mno, kiwiko kikisukumwa kuelekea katikati ya kifua huku mabega yakilegezwa. Mtazamaji huenda akadhani hakuna kinachotendeka, ilhali mapaja ya anayefanya yanawaka moto.

Ip Man alizaliwa Oktoba 1893 mjini Foshan, kusini mwa Uchina, katika familia tajiri. Utotoni alifunzwa na Chan Wah-shun, aliyekuwa tayari mzee. Mwalimu huyo alipofariki, kijana huyo alinolewa na Ng Chung-sok, mwanafunzi mwandamizi wa marehemu. Baadaye alisomea Hong Kong, kisha akarejea Foshan na kuwa polisi.

Raha hiyo haikudumu. Wajapani waliuteka mji huo mwaka wa 1938, na Wakomunisti walipotwaa mamlaka mwaka wa 1949, Ip Man alihamia Hong Kong akiwa hana mali. Mkewe alifariki Foshan mwaka wa 1960, wakiwa bado wametenganishwa na mpaka.

Mnamo 1950, akiwa na umri wa miaka 56, mwana huyo wa tajiri alianza kufundisha ili apate riziki. Wanafunzi wake wa kwanza walitoka katika chama cha wafanyakazi wa mikahawa mtaani Kowloon. Miaka michache baadaye alijiunga nao kijana Bruce Lee, aliyeelekea Marekani mwaka wa 1959 kabla ya kukamilisha mafunzo.

Umaarufu wa Lee uliisambaza Wing Chun duniani. Lakini kadiri wanafunzi walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyoanza kuifanya miondoko hiyo kwa namna yake. Ndipo mzee huyo, nguvu zikimwishia, akakubali kurekodiwa.

Aliaga dunia Desemba 2, 1972, akiwa na umri wa miaka 79. Hakuacha kasri wala hazina. Hata hivyo, hadi leo wanafunzi wakibishana kuhusu mahali kiwiko kinapostahili kukaa, wao huirejelea filamu ile, wakamtazama mgonjwa akirudia kwa utulivu somo alilofunzwa utotoni.